Barabara inapanuliwa na shamba langu limo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utwaaji wa ardhi na fidia Unguja na Pemba

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila bikoni zinapochimbiwa kando ya njia, iwe Chake Chake, Mkoani, Tunguu au Mahonda. Majibu yanahusu Zanzibar tu. Pale tuliposema "tuchukulie", tarakimu ni za kuonesha hesabu inavyokwenda. Si bei rasmi.

## Mwanzo wa mambo

1. Serikali inaweza kulichukua eneo langu hata nikikataa?

Inaweza. Kutwaa ardhi kwa ajili ya barabara, bandari au uwanja wa ndege si mauziano, na neno lako la "sitaki" peke yake halisimamishi mradi. Lakini uwezo huo umefungwa na masharti. Kifungu cha 17 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinamlinda mtu asinyang'anywe mali yake bila fidia. Kwa hiyo mambo ya kushikilia ni haya: kimehesabiwa nini, kwa bei ipi, na kinalipwa lini.

Kuna wakati mmoja ambapo hata mkondo wa barabara unaweza kusogea, nao ni wakati wa usanifu. Miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari za mazingira na jamii chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015, inayosimamiwa na ZEMA (mamlaka ya mazingira ya Zanzibar), na mikutano ya kusikiliza wananchi hufanyika hapo. Mtu akisimama siku hiyo na kusema "mkivuta mita nne upande wa pili mnaokoa nyumba tatu na kisima", anasikilizwa. Akisubiri mpaka greda liko kwenye uzio, anachoweza kujadili ni pesa tu.

2. Si tunaambiwa ardhi yote ni ya Serikali? Basi fidia ya nini?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya 1992 inaitaja kuwa ni ya umma chini ya Rais. Anachomiliki mwananchi ni haki ya matumizi. Haki hiyo inarithiwa na inahamishwa, kwa hiyo ni mali. Juu yake kuna majengo, na kuna miti, ambayo kwa desturi na sheria za Zanzibar inaweza kuwa ya mtu asiye mwenye ardhi.

Lalamiko linalosikika kuliko yote linatoka hapa: orodha ya fidia imejaa minazi, mikarafuu na vyumba, lakini mstari wa ardhi haupo au una sifuri. Kwa maoni yetu hoja ya "ardhi ni ya umma" haitoshi kueleza sifuri hiyo. Viwanja vinabadilishana mikono kila wiki kwa mamilioni, na aliyetolewa hana pa kujenga mpaka anunue haki ya matumizi ya mtu mwengine. Ukiona fomu yako haina mstari wa ardhi, uliza kwa maandishi: napewa eneo mbadala, au nalipwa thamani ya haki ya matumizi? (Angalia pia swali la 20.)

3. Lami ni mita saba. Kwa nini wanachukua ishirini?

Lami mara nyingi ni mita 6.5 hadi 7. Ongeza bega (ukanda wa kando ya lami) la mita 1.5 kila upande, zimekuwa 10. Ongeza mtaro na njia ya waendao kwa miguu, umefika 13 au 14 kabla ya kugusa kilima.

Pemba ndiko hesabu inakovimba. Kilima kikikatwa kina cha mita 4, na ukingo ukalazwa mita 1.5 kwa kila mita 1 ya kimo, kila upande unaongezeka mita 6. Bondeni, tuta la mita 2 likilazwa mita 2 kwa 1 linaongeza mita 4 kila upande. Mlalo ukipunguzwa ili kuokoa shamba, masika ya kwanza udongo unateremka barabarani. Pahala pafinyu, hasa penye nyumba, mhandisi anaweza kujenga ukuta wa kuzuia udongo badala ya mlalo. Ni ghali zaidi, lakini kuuliza ni bure.

Jambo jengine ni kona. Kona ya kupitwa kwa kilomita 50 kwa saa inataka nusukipenyo cha kama mita 90, na ya kilomita 80 kwa saa inataka kama mita 250. Kwa hiyo kasi ikipandishwa kwenye karatasi, mstari unaruka na kuingia mashamba ya watu ambao hawakuwa hata kando ya njia. Kijijini penye skuli na soko kasi ya 50 inatosha, na swali la "hapa mmesanifu kwa kasi gani?" linaweza kuokoa nyumba nyingi kuliko malalamiko yote ya baadaye. Karibu hakuna anayeliuliza.

4. Nimesoma kwamba nalipwa kodi ya miezi 36 na usafiri wa tani 12. Ni kweli?

Ni kweli Bara. Kanuni za Bara za 2001 za kukadiria thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia zinataja posho ya makaazi ya miezi 36, hasara ya biashara ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha tani 12 ndani ya kilomita 20. Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo kanuni hizo hazivuki bahari. Hali ni hiyo hiyo kwa ile "mita 30 kila upande" inayotajwa sana mitandaoni: inatoka kwenye sheria ya barabara ya Bara.

Ukizitaja mbele ya ofisa wa Zanzibar kama haki yako, atakujibu kwa sentensi moja na mazungumzo yameisha. Zitaje kama mfano wa jambo linalowezekana. Kitu kinachoweza kuwa na nguvu zaidi kwako ni masharti ya anayeukopesha mradi (swali la 20).

5. Niende ofisi gani?

Mradi wenyewe uko Wizara inayosimamia ujenzi na Wakala wa Barabara. Mambo ya haki ya ardhi, ramani na usajili yako Kamisheni ya Ardhi. Sheha ni shahidi wa nani anakaa wapi, na barua yake utaombwa karibu kila mahali, lakini sheha hapangi bei wala hawezi kukuahidi malipo. Anza kwake, usiishie kwake.

## Siku ya kuhesabiwa

6. Nyumba yangu imepigwa X nyekundu. Nihame?

Usihame bado. X inasema jengo limo ndani ya upana uliokusudiwa. Haisemi kwamba limethaminiwa, wala kwamba malipo yamepitishwa, wala siku ya kuvunja. Mara nyingine X ni ya upimaji wa awali na mkondo hubadilika. Andika namba iliyo pembeni yake, kwa sababu namba hiyo ndiyo jina la nyumba yako kwenye orodha. Mvua ikiifuta, piga picha ya ilipokuwa na umwarifu sheha. Usiipake rangi wewe mwenyewe.

Wanaoumia ni waliovunja wenyewe mapema ili wauze mabati na milango. Mtathmini akija anakuta msingi, na anaandika msingi.

7. Siku ya tathmini nifanye nini hasa?

Kuwepo. Huwezi, mweke mtu mzima anayejua mipaka na idadi ya miti, na umjuilishe sheha jina lake kabla. Karatasi ya siku hiyo ndiyo mama wa kila kitu kinachofuata. Kitu kisichoandikwa leo hakitalipwa, na kukiingiza baadaye kunachukua miezi.

Kabla ya siku yenyewe, tembea mipaka na majirani wa pande zote na mkubaliane, kwa sababu mgogoro wa mpaka ukizuka mbele ya mtathmini eneo lote linaweza kuwekwa kando. Hesabu miti kwa aina na kwa umri: iliyozaa, isiyozaa, miche. Piga picha za kila chumba ndani na nje.

Vinavyosahaulika ni vile vile kila mradi: baraza ya nje, choo cha nje na shimo lake, kisima, tangi la maji na nguzo zake, ukuta, sakafu ya kuanikia karafuu, banda la kuku, msingi wa chumba kisichomalizika, maungio ya umeme wa ZECO na maji ya ZAWA. Baraza ndiyo inayotangulia kuvunjwa kwa sababu iko karibu na njia, na ndiyo inayotangulia kusahauliwa kwa sababu kila mtu huiona kama sehemu ya barabara.

Mtathmini anapomaliza, soma fomu kabla ya kusaini. Angalia vipimo vya kila jengo, aina ya paa na sakafu, na hesabu ya miti mstari kwa mstari. Palipo wazi piga mstari ili pasijazwe baadaye. Omba nakala. Ukiambiwa nakala haipo, piga picha kila ukurasa ukiwa na sahihi za wote. Kusaini fomu ya hesabu ni kukubali idadi na vipimo. Si kukubali bei, ambayo kwa kawaida haijapatikana siku hiyo.

Mwisho, jina. Andikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha Mzanzibari na kwenye akaunti ya benki. "Khamis" kwenye kitambulisho, "Hamisi" kwenye orodha na "Khamis Bakar" benki ni watu watatu mbele ya mhasibu. Malipo hurudishwa, na utahitaji hati ya kiapo kuyafufua.

8. "Tarehe ya ukomo" ni nini?

Ni siku ambayo baada yake jengo jipya au mti mpya hauhesabiwi. Imewekwa kwa sababu watu hupanda migomba mia usiku mmoja, na hilo linajulikana. Ili iwe ya haki inatakiwa itangazwe mapema na pahala panapoonekana: shehiani, msikitini, sokoni. Uliza tarehe hiyo ni ipi na imeandikwa wapi.

Tarehe ya ukomo haikukatazi kuendelea kuishi. Paa likivuja, liezeke, weka risiti. Mazao ya msimu panda, lakini uliza kwanza kazi inaanza lini (swali la 12). Mradi ukilala miaka mingi baada ya tarehe hiyo, una hoja nzito ya kutaka kuhesabiwa upya.

9. Sina hati. Nimerithi tu, na kila mtu anajua ni pangu.

Uko na wenzako wengi. Maeneo mengi ya shamba na ya kiambo hayajasajiliwa. Ushahidi unaokubalika kivitendo ni barua ya sheha, maelezo ya majirani wa mipaka yote na wazee wanaojua eneo lilivyoshuka, karatasi za zamani za mauziano hata zikiwa za mkono, bili za umeme na maji, na risiti za karafuu. Peleka ushahidi wa aina mbili au zaidi, kwa sababu barua ya sheha ikiwa peke yake hupingwa kirahisi na ndugu yeyote anayetokea mwishoni.

## Pesa

10. Nyumba inathaminiwa vipi?

Kuna njia mbili, na tofauti yake inaweza kuwa nusu ya nyumba. Ya kwanza inakadiria gharama ya kujenga leo, kisha inakata uchakavu. Ya pili, inayoitwa gharama ya kuweka badala, haikati uchakavu na inajumlisha gharama za kuhamisha haki na kuhama.

Tuchukulie nyumba ambayo kuijenga leo ni shilingi milioni 30, na mtathmini akaona imechakaa asilimia 35. Njia ya kwanza inakupa milioni 19.5. Hakuna fundi anayejenga kwa bei ya uchakavu, na saruji haiuzwi iliyozeeka. Pengo la milioni 10.5 analiziba mwenye nyumba kwa deni au kwa kujenga chumba kimoja na kungoja. Uliza njia ipi imetumika, na omba jibu liandikwe. Kama ni ya kwanza, uliza asilimia ya uchakavu imetoka wapi. Mara nyingi imekisiwa kwa kutazama rangi ya ukuta.

11. Mikarafuu na minazi inahesabiwaje?

Kwa kawaida kwa jedwali la Serikali: aina ya mti, daraja la umri, bei ya mti mmoja. Jedwali lina faida ya kumlinda mnyonge asiye na lugha ya kubishana. Kasoro yake ni kwamba likiwa la zamani linamnyima kila mtu kwa usawa.

Mkarafuu huanza kuchumwa ukiwa na miaka sita hadi minane, na huchukua hata miaka 15 au 20 kufikia uzao wake kamili. Kwa hiyo hasara ya mti uliokomaa si mche mpya. Ni mche, palizi, na mavuno safi ya miaka yote ya kungoja. Tuchukulie mti unatoa wastani wa kilo 3 kavu kwa mwaka na kila kilo inakubakishia shilingi 5,000 baada ya kuwalipa wachumaji na waanikaji. Hiyo ni 15,000 kwa mwaka. Kwa miaka minane tu ni 120,000, kabla ya kugusa miaka ambayo mti mpya bado unazaa kidogo.

Zaidi ya hapo, karafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na miaka mikavu. Ukithaminiwa kwa mwaka mbaya umepunjwa, na ukidai kwa mwaka wa neema utapingwa. Dawa ni risiti za ZSTC (shirika la Serikali linalonunua karafuu) za misimu minne au mitano, ukatoa wastani. Kwa kuwa karafuu kihalali zinauzwa huko, hakuna mkulima wa zao jengine mwenye ushahidi mzuri kama huu. Tatizo ni kwamba wengi huuza kwa jina la ndugu mmoja, kwa hiyo andikeni kwenye karatasi nani ana miti mingapi.

Hesabu ya haraka ya kujikagua: mikarafuu iliyopandwa kwa nafasi ya mita 8 inaingia kama 63 katika eka moja (mita za mraba 4,047), na minazi kwa mita 9 kama 50. Fomu ikionesha 20 kwa eka nzima iliyojaa, kuna safu zimerukwa.

12. Muhogo na migomba je?

Bora kuliko pesa ni muda. Ukipewa taarifa ya miezi kadhaa, vuna na usipande tena kwenye ukanda ule. Fidia ya mazao ya msimu ina maana pale greda linapoingia kabla ya mavuno.

13. Nina duka la kukodi, au genge la chakula kando ya njia.

Mwenye jengo analipwa jengo. Wewe unachopoteza ni mapato, vifaa visivyohamishika na wateja. Ingia kwenye orodha kwa jina lako, si kwa jina la mwenye nyumba. Leta leseni, risiti za baraza la manispaa au la mji, na daftari la mauzo. Asiye na daftari aanze leo, kwa sababu miezi mitatu ya mwandiko wa kila siku inaaminika kuliko kumbukumbu ya mwaka.

Mama lishe, fundi baiskeli na muuza madafu walio ndani ya hifadhi ya barabara kwa kawaida hawalipwi pahala. Miradi yenye masharti ya wakopeshaji inatakiwa angalau iwasaidie kuhama na kurejesha kipato.

14. Wanachukua kipande tu, kilichobaki hakinifai kitu.

Eka tatu ni kama mraba wa mita 110 kwa 110. Ukanda wa mita 8 kando ya njia ni mita za mraba 880, yaani asilimia 7 na kitu. Kwa shamba hilo ni kovu. Kwa kiwanja cha mita 15 kwa 20 kule Mwanakwerekwe, mita 8 ni zaidi ya theluthi, na nyumba iliyobaki nusu haina choo wala njia ya kuingilia.

Dai linaloeleweka ni hili: kichukuliwe chote na kilipwe chote, au kilipwe upungufu wa thamani ya kilichobaki. Litoe kabla ya orodha kufungwa, ukiwa na mchoro unaoonesha vipimo vya kilichobaki. Kwa nyumba, usikubali "tunakata chumba cha mbele tu" bila fundi kuangalia kama ukuta huo ndio unaobeba paa.

15. Tathmini ilifanyika zamani, pesa hazijaja. Nafanya nini?

Kuchelewa ndiko kunakoumiza kuliko bei yenyewe. Tuchukulie ulithaminiwa milioni 20 na vifaa vikapanda asilimia 20. Pesa ile ile sasa inajenga nyumba ya milioni 16.7 za wakati ule, na hakuna aliyekudhulumu kwa makusudi. Isitoshe, benki haikukopeshi juu ya nyumba yenye X na mpangaji anahama.

Andika barua ya kuomba tathmini ihuishwe, ukitaja namba ya nyumba na tarehe ya kuhesabiwa, na upate muhuri wa kupokelewa. Bara sheria ya uthamini ya 2016 inaipa tathmini ya fidia uhai wa miaka miwili. Kama tulivyosema katika swali la 4, itaje kama kipimo cha uungwana tu. Barua moja ya shehia nzima yenye majina na namba zote hujibiwa haraka kuliko barua thelathini.

## Mali yenye wenyewe wengi

16. Eneo ni la marehemu baba na halijagawiwa.

Fanyeni mirathi sasa, si siku ya hundi. Mahkama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo milango yake kwa Waislamu. Fomu ikiandikwa "warithi wa fulani", malipo hayatoki mpaka warithi wathibitishwe. Ikiandikwa jina la kaka mkubwa peke yake, yatatoka haraka na ugomvi utafuata. Wanaopotea katika hali hii ni dada walioolewa mbali. Sehemu yao ipo, na waandikwe kwa majina na akaunti zao. Ndugu mkishindwa kuelewana, ombeni pesa iwekwe amana mpaka hukumu itoke, ili mradi usiwe kisingizio cha kumlipa mwenye sauti kubwa.

17. Nilinunua sehemu ya eka za mtu. Analipwa nani?

Eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi zilitolewa kwa matumizi ya aliyepewa na kizazi chake, si za kuuzwa. Kwa hiyo karatasi yako ya mkono ni dhaifu kwa upande wa ardhi. Kwa nyumba uliyoijenga na miti uliyopanda una nguvu zaidi. Njia inayofanya kazi ni makubaliano ya maandishi na familia ya mwenye eka mbele ya sheha kabla ya tathmini: majengo na miti hii ni ya nani, na ardhi ikilipwa inagawiwa vipi. Baada ya bei kujulikana, makubaliano hayo hayapatikani.

18. Nalima shamba la kuazimwa.

Mazao uliyopanda ni yako, na miti ya kudumu kwa kawaida ni ya mwenye shamba, isipokuwa mlikubaliana vyengine. Hakikisha jina lako limo kwenye mstari wa mazao.

19. Makaburi na msikiti vimo njiani.

Kwanza tafuteni mkondo usogee, na makaburi ni hoja nzito kuliko nyumba katika mikutano ya usanifu. Mengi hayana alama, hasa yaliyo nyuma ya nyumba na maweni, kwa hiyo wazee wayaoneshe na yapigwe vigingi kabla ya greda. Ikibidi kuhamisha, Ofisi ya Mufti ihusishwe na familia iwepo. Gharama ni za mradi. Msikiti na mali ya wakfu havilipwi mtu. Pesa hupitia Kamisheni ya Wakfu ili kijengwe au kinunuliwe badala yake. Imamu asisaini peke yake.

## Usiporidhika

20. Mkopeshaji wa mradi ananihusu nini?

Sana. Benki ya Dunia, kupitia Kiwango chake cha 5 cha Mazingira na Jamii kinachotumika kwa miradi kuanzia Oktoba 2018, inataka fidia kwa gharama ya kuweka badala, malipo kabla ya kutwaa, kurejesha kipato, na ofisi ya malalamiko inayofanya kazi. Asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi analipwa jengo lake na kusaidiwa kuhama. Benki ya Maendeleo ya Afrika ina masharti ya mwelekeo huo huo. Hati ya mpango wa uhamishaji huchapishwa, kwa hiyo iombeni na muisome sura ya fidia.

Hapa pana jambo lisilopendeza: barabara mbili za kisiwa kimoja, moja ya mkopo wa benki kubwa na moja ya bajeti ya ndani, zinaweza kumlipa jirani na jirani kwa vipimo viwili. Haki isingepaswa kutegemea nani ametoa pesa.

21. Sikubaliani na kiasi. Hatua ni zipi?

Anza na ofisi ya malalamiko ya mradi, kwa maandishi, ukitaja kosa mahsusi: "mikarafuu 14 imeandikwa 9", au "chumba cha mita 3.6 kwa 3 kimeandikwa 3 kwa 3". Barua inayosema "fidia ni ndogo" haina cha kuchunguzwa. Ukikwama, Kamisheni ya Ardhi na Mkuu wa Wilaya wanaweza kuitisha ukaguzi wa pili.

Kisha kuna Mahkama ya Ardhi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994, na rufaa yake inakwenda Mahkama Kuu. Kwa mradi wa Benki ya Dunia, watu wawili au zaidi walioathirika wanaweza kupeleka malalamiko kwenye Jopo lake la Ukaguzi, ambalo halipangi bei lakini linachunguza kama benki imefuata masharti yake.

22. Nikipokea pesa nimepoteza haki ya kulalamika?

Inategemea ulichosaini. Soma kama karatasi inasema "malipo kamili na ya mwisho". Mwenye madai aandike juu ya sahihi yake "napokea huku nikiendelea na pingamizi namba fulani" na abaki na nakala. Ukikatazwa kuandika hivyo, peleka barua ya pingamizi siku hiyo hiyo na upate muhuri. Kukataa pesa kabisa mara chache kunasaidia, kwa sababu kazi inaendelea na bei inazidi kukuacha.

## Kazi ikishaanza

23. Shindilia (mashine ya kushindilia udongo) limetia nyufa nyumba yangu iliyo nje ya mradi.

Mtetemo wa shindilia ni hatari zaidi kwa kuta za mawe na udongo, na nyumba nyingi za zamani ni hizo. Kabla kazi haijafika kwako, omba mkandarasi na mhandisi mshauri wakague na kupiga picha za kuta. Wasipokuja, piga mwenyewe na uonyeshe tarehe. Ufa ukitokea, weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike siku. Ukirefuka kupita alama, una ushahidi. Omba pia washindilie bila mtetemo karibu na nyumba, kwa tabaka nyembamba na mapito mengi zaidi. Inawezekana, ila inachukua muda wao.

24. Barabara imeinuliwa, sasa maji yanaingia ndani.

Barabara ikipanda sentimita 60, kizingiti chako kinakuwa bondeni. Makosa ya kawaida ni mawili: kalvati inamwaga kwenye uwanja wa mtu badala ya bonde, au mtaro umezibwa na udongo wa njia za kuingilia majumbani. Lalamika wakati mkandarasi bado yupo na katika kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho mara nyingi ni miezi 12 baada ya kukabidhi. Piga picha mvua ikinyesha, kwa sababu kiangazi kila mtaro unaonekana mzima. Njia ya kuingilia nyumbani ni sehemu ya kazi yao pia, kwa hiyo hakikisha imo kwenye mchoro.

25. Mkandarasi anataka kukodi shamba langu kwa kambi au kuchimba kifusi.

Hayo ni makubaliano yako na yeye, si utwaaji, na unaweza kukataa. Ukikubali, mkataba utaje ukubwa, miezi, kodi inayolipwa mwanzoni, kina cha kuchimba, na kwamba udongo wa juu unawekwa kando na kurudishwa. Jihakikishie kwamba shimo litafukiwa: kwa mfano, yeye aweke dhamana kwa sheha au benki. Mashimo yaliyoachwa wazi yanajaa maji ya mvua na watoto huogelea humo.

26. Tunaambiwa tushukuru kwa kuwa barabara inapandisha thamani ya eneo. Ikatwe kwenye fidia?

Thamani inapanda kweli, lakini angalia kwa nani. Aliyetolewa nyumba yote hayupo tena kuifaidi, na anaponunua kiwanja jirani anakuta bei imeshapandishwa na barabara ile ile. Anayefaidi ni aliyekuwa safu ya pili, ambaye hakupoteza hata mche na sasa yuko mbele. Kama kuna faida ya kukatwa, ianzie kwake kupitia ada za ardhi na majengo, na fidia ya aliyeondoka ithaminiwe kwa bei ya viwanja vinavyopatikana siku anayolipwa.